Daktari wa nyama alibatizwa, nguruwe wangu wakaozea kwa ndoano

Wakuu, hamjambo huko mliko? Nikiongeza chumvi hata kidogo hapa, mod afute huu uzi.

Nina bucha ya nguruwe Ruiri. Nyama haiuzwi bila muhuri wa mkaguzi wa serikali, ambaye sisi humwita daktari. Kwetu yuko mmoja tu.

Ijumaa nilikuwa na order kubwa kuliko zote: mwenye hoteli wa mtaa wa Dallas, mjini Embu, alitaka nguruwe wawili wa harusi. Akiridhika, angekuwa customer wangu wa kila wiki.

Asubuhi, pale machinjioni, daktari aliwatazama wakiwa hai, akasema wako sawa. Tukachinja.

Akapiga muhuri mbuzi na ng'ombe wote wa wenzangu. Akanawa mikono, akachukua koti.

"Daktari, na hawa wangu?"

"Baba Kendi, unisamehe. Nilibatizwa Sabato iliyopita. Saa hii siwezi gusa nguruwe, dhamiri inakataa."

Sina shida na ubatizo wa mtu. Mama yangu mwenyewe ni Msabato, na kwangu ana sufuria yake ambayo haijawahi kuona nguruwe. Lakini hii ni dhamiri gani inalala nguruwe akiwa hai, inaamka akishachinjwa?

Nikapigia bosi wake, Meru mjini.

"Ni mambo ya imani hayo, tumvumilie. Tutakutafutia mwingine next week."

Next week! Nyama iko kwa ndoano, jua linawaka, na bucha yangu haina friji.

Mtu wa Dallas akanunua kwingine. Simu zangu hashiki tena.

Jumapili daktari akarudi. Nikafurahi, nikidhani amelainika. Akasimama mlangoni, leso puani.

"Hii imeharibika. Lazima izikwe."

Yaani kupitisha nyama yangu ni dhambi, kuihukumu si dhambi! Nilichimba shimo mwenyewe huku amesimama kando kuhakikisha nimefukia.

Nilichojifunza: imani ya mfanyakazi iheshimiwe, ndiyo, lakini aseme mapema, na ofisi ilete mtu mwingine siku hiyo hiyo. Mwananchi asiachwe na mzigo.

Nilipomsimulia mama, aliweka kikombe chini, akaniuliza, "Kama imani ni yake, mbona sadaka umetoa wewe?"

Mwenye jibu aliweke hapa chini, hasa nyinyi wa ofisi za serikali.