Panya wa Mama Obeti na Maranda ya Paini

Mimi panya simpendi, awe wa ghalani au wa maabara. Miaka sita nimelinda lango la nyumba ya utafiti hapa Arua nikiomba wapewe paka. Aliyewapenda kwa niaba yetu sote ni Ayikoru, mjane wa Adumi tunayemwita Mama Obeti. Kazi yake ni kulisha panya weupe na kuwatandikia vizimba. Jike akizaa, lazima apite kibandani kwangu: "Kasimiro, tumepata watoto nane!" Utadhani mimi ndiye mjomba.

Nusu ya panya hao walizaliwa bila jeni moja ya ini, ile inayotengeneza kimeng'enya cha kuvunjavunja dawa na mafuta mwilini. Lukudu, mwanafunzi kutoka Sudan Kusini, aliwachoma sindano ya usingizi na kushika saa. Wenye jeni waliamka upesi. Wasio nayo walilala karibu saa nzima, maana dawa ilikawia kuwatoka.

Mwezi wa sita, wote wakaanza kuamka pamoja. Lukudu alirudia mara tatu, akakonda. Daktari mkuu akaamua kwamba ukoo umechanganyika: Ijumaa wauawe wote.

Jumatano Mama Obeti alikuja kibandani bila kula. Kumbe maganda ya mpunga tuliyotumia yalikuwa yakichoma vitoto, naye akaona huruma. Mwanawe Obeti ni seremala mjini Koboko, akampa magunia ya maranda ya mbao za paini, laini, yananukia. Akatandika bila kumwambia mtu, na tangu hapo usingizi ukapungua.

"Kama mimi nasema, watafukuza mimi," alisema. "Kama mimi nanyamaza, wataua hawa watoto yote."

"Mficha uchi hazai," nikamjibu. Rahisi kusema, kazi si yako.

Kesho yake asubuhi alimfuata Lukudu, nami nikasimama mlangoni.

"Lukudu, mutoto yangu, mimi iko na kosa. Nilibadilisha kitanda ya panya."

Lukudu alichukua maranda, akayanusa, kisha akaketi sakafuni. Alikuwa amesoma mahali kwamba harufu ya mbao hizo huchochea ini, na vimeng'enya vingine vikaongezeka kuziba pengo la kile kilichokosekana.

"Mama, panya iko muzuri," akasema. "Ni kitanda tu."

Daktari alifoka, lakini akatoa wiki tatu kabla ya kurudia jaribio la sindano. Kazi ya Mama Obeti ingeamuliwa siku hiyo hiyo ya jaribio. Maganda yakarudi, na yeye akayachagua kwa mkono, akitupa kila lenye ncha. Nilimcheka, kisha nikaketi kumsaidia.

Siku ilipofika, panya mwenye jeni aliamka mapema na kuanza kusafisha masharubu. Asiye nayo akabaki amelala. Dakika thelathini. Arobaini. Hamsini. Daktari alitazama saa, akamtazama Mama Obeti.

"Hii maganda, endelea kuchagua," akasema, akatoka.

Mama Obeti alipiga magoti kando ya kizimba, machozi yakimtiririka. "Lala, mutoto yangu. Lala kabisa."

Lori likapiga honi langoni. Nikakimbia mkono juu, nikamwambia dereva azime injini.

"Iko mugonjwa ndani?" akauliza.

"Hapana," nikamwambia. "Watoto wamelala."