Wageni Waliokuja Kuutazama Umaskini Wetu

Mwenyekiti wa kitongoji alipotuambia kwamba wageni wa mpango wa kaya maskini watapita hapa Samuye kuona hali ya kila nyumba, Mama alianza kupaka ukuta udongo mweupe. Kwa jirani aliazima viti vinne vya plastiki na chupa ya chai. Kuku wetu, yule mmoja aliyekuwa akitaga, akachinjwa.

"Mama, wanakuja kuangalia kama hatuna."

"Kwa hiyo wakae wapi, kichwani kwako? Mgeni ni mgeni."

Nikaenda kunyonyoa kuku. Mimi si msemaji; hata darasani mwalimu huniambia, "Sauti, dada, sauti!" mpaka wenzangu humwitikia. Lakini nilijua tulichokuwa tunakitafuta. Mdogo wangu amefaulu kwenda kidato cha kwanza. Ada siku hizi hakuna, ila sare, madaftari na mchango wa chakula vipo. Shangazi aliyeko Katoro alishasema tumpeleke akamsaidie kuuza chai kwa wachimbaji. Tukiingia kwenye mpango, atasoma. Tusipoingia, ataenda Katoro.

Walikuja wawili, dada mwenye kishikwambi na kijana aliyemleta kwa pikipiki. Mama alipiga goti kuwasalimu, "Mwangaluka!" Dada akaanza kazi.

"Mama, kwa siku mnakula mara ngapi?"

"Tunakula, tunamshukuru Mungu."

"Viti hivi ni vyenu?"

"Kaeni, kaeni. Karibuni chai."

Dada akabonyeza. Kila alipobonyeza niliona Katoro inasogea.

Walipokwisha kula, Mama aliniambia niwasindikize, maana kwetu mgeni haachwi aondoke peke yake. Pikipiki waliiacha barabarani kwa sababu ya mchanga. Tulipopita ua wa minyaa nikasema, macho yangu kwenye ndala zangu:

"Viti si vyetu. Chupa pia. Na kuku mliyemla tulikuwa naye huyo huyo mmoja."

"Kumbe unaongea!" kijana akacheka.

Dada hakucheka. "Siwezi kuandika maneno ya njiani, mdogo wangu. Mwenye kaya ndiye anayejibu. Turudi."

Tulipofika, dada akamweleza Mama nilichosema.

Mama alisikiliza akiwa amesimama. Hakunitazama. Alibeba viti, viwili halafu viwili, akavirudisha kwa jirani wote tukimwona, kisha akatandika mkeka.

"Uliza tena."

"Mnakula mara ngapi?"

"Mara moja. Leo tumezidisha, kwa ajili yenu."

Akaeleza yote. Akasema binti yake mdogo amefaulu na hana sketi, shangazi yake anamtaka Katoro, na yeye mama yake anataka asome. Hilo la mwisho hata sisi watoto hatukuwahi kulisikia kinywani mwake.

Niliona aibu, na bado naiona. Nadhani Mama alikuwa na haki ya kupokea watu vizuri nyumbani kwake. Sielewi kwa nini mtu lazima kwanza avuliwe mbele ya wageni ndipo asaidiwe, ingawa naelewa kwamba yule dada naye asingejua bila kuuliza.

Majibu ya mpango bado hayajaja. Ila jana shangazi alipiga simu kuuliza mtoto atafika lini, na Mama hakuzunguka.

"Haji, wifi. Nimeshasema mbele ya wageni kwamba atasoma. Wakirudi nitawaambia nini?"