Chupa ya Mwisho ya Rosalba

Siku hizi Edelmira Oyarzo hapiki jamu tena. Zamani, ukimkaribisha kwako ilibidi kwanza ufiche za kwako. Hapa kisiwani Lemuy hakuna aliyezijua jamu kumzidi, wala mwenye ulimi mkali kama wake. Chupa alizichemsha, akamimina jamu ingali ya moto, akaweka juu kiduara cha karatasi kilicholowekwa kwenye pombe kali, akafunga kifuniko, kisha zikaenda stoo, gizani na kwenye baridi. Akiona ukungu kwenye chupa ya mtu, hata wa kupima kwa ukucha, haombi ruhusa. Yangu aliimwaga mbele ya wageni wangu.

"Nilikuwa naukwangua tu," nikamwambia.

"Kwangua ngozi yako. Wewe unaona kofia tu, mwenye kofia ameshashuka chini."

Nilimnunia wiki nzima.

Binti yake Rosalba alikufa kwa ugonjwa wa mapafu, baridi ilipoanza mwaka juzi. Aliacha chupa za jamu ya murta, vile vitunda vyekundu ambavyo harufu yake hujaza nyumba. Zililiwa zote msibani, ikabaki moja. Edelmira akaapa kuifungua siku ya kutimiza mwaka, kila aliyempenda Rosalba apate kijiko chake.

Basi mwanamke huyo huyo aliyetufundisha stoo akaitoa chupa kwenye baridi, akaiweka kwenye rafu juu ya jiko la kuni. Nilipomuuliza, alisema Rosalba hakuwa akivumilia baridi. Jioni alikuwa akifungua kifuniko, ananusa, anafunga. Nilimkuta hivyo mara kadhaa.

Mwaka ukatimia. Sala ilipokwisha, mkate wa moto ukawekwa mezani, na jirani wote tulikuwepo. Edelmira akabandua kile kiduara. Chini yake kulikuwa na ukungu mweupe na wa kijani, umetanda ukingo hadi ukingo.

Custodio, shemeji yake, akasogea. "Shemeji, kwangua hapo juu, chini ni safi. Hii ni ya Rosalba, bwana. Nani atakufa kwa ukungu?"

"Nipe mimi nianze," nikasema, na nilikuwa namaanisha.

Edelmira akatutazama. "Miaka yote mmekula kwangu. Nimewahi kuwapa uchafu?"

Custodio akarudi kukaa.

"Basi na yeye sitamtia aibu."

Akatoka, akachimba shimo nyuma ya banda, akaifukia jamu yote, kina cha kutosha nguruwe wasiifukue. Tulimwangalia dirishani. Ilikuwa kama kumzika Rosalba mara ya pili, ila safari hii mama mtu ndiye aliyeshika jembe.

Aliporudi, mikono yake ikafanya ilichozoea. Akaisuuza chupa, akaitumbukiza kwenye sufuria ya maji yaliyokuwa yakichemka jikoni. Mimi nilikuwa nakata mkate. Nikamwona ameinamia sufuria.

Kikaratasi kilichokuwa kimebandikwa ubavuni mwa chupa kilikuwa kinaelea. Rosalba alikuwa ameandika hapo kwa mkono wake: "Murta, ya mama." Edelmira akakiopoa kwa kijiko, akakitandaza kiganjani. Wino wote ulikuwa umetoka.

"Huwa nabandua kwanza," akasema. "Siku zote huwa nabandua kwanza."