Bingwa wa Nyimbo Zote

Shemeji yangu, mume wa dada, ana kibanda cha kuwekea watu nyimbo kwenye simu na flashi. Kibanda kinaitwa Bingwa wa Nyimbo, na kila wimbo unaopita mkononi mwake, pale panapotakiwa jina la mwimbaji, yeye huandika Bingwa wa Nyimbo. Anasema ndiyo matangazo. Hana subira ya kuandika mmoja mmoja. Huzichagua zote kwa mkupuo, akaandika mara moja, akarudi kwenye karanga zake. Ukiziamini simu za mtaa wetu, shemeji ameimba kwaya za akina mama, amependa, ameachwa, na amebembeleza watoto walale. Nyumbani hata mluzi hawezi.

Balaa lilimkuta kwa mama yangu, mkwe wake. Ujanani mama aliimba na bendi, akarekodi wimbo mmoja. Jirani yetu, mke wa fundi cherehani, hajawahi kuamini. Basi tuliposikia redio ya mjini itaupiga, mama alimwita, akampa kiti kisichoyumba. Sauti ya mama ikatoka, changa, yenye madaha. Kisha mtangazaji, ambaye nyimbo huzichukua kwa shemeji na kusoma kilichoandikwa, akasema huyo alikuwa Bingwa wa Nyimbo.

Jirani akanywa chai yake taratibu. Akasema kumbe mkwe wetu ana sauti nyororo hivyo.

Mama aliinuka. Alivaa viatu akaenda kibandani. Shemeji alipomwona alitaka kuingia chini ya meza, ila tumbo lilikataa.

"Baba," mama akamwambia, "binti nilikupa. Na sauti nayo umechukua?"

Shemeji akaapa kurekebisha papo hapo. Akafanya kama alivyozoea: akachagua, akaandika jina la mama, akabonyeza. Mtangazaji akapelekewa nyimbo upya.

Jumapili jirani akaitwa tena. Wimbo ukapigwa, na jina la mama likatajwa lote, pamoja na la babu. Mama akatulia kama bibi harusi. Jirani akaomba radhi, maneno yakimtoka kwa kuvutwa.

Hakuna aliyekumbuka kuzima redio. Ukafuata wimbo wa mwanamume, sauti nzito kama lori linalopanda mlima. Ulipokwisha, mtangazaji akataja jina la mama, na la babu.

Jirani akaweka kikombe chini. "Na huyu ni wewe, dada?"

Mama hakupepesa macho. "Siku hiyo nilikuwa na mafua."