Lavenda ya Bi Mwanaidi

Juzi nilinunua sabuni ya lavenda pale Kayanga, nikacheka peke yangu hadi muuza duka akanishangaa.

Nilipokuwa mdogo, kijiji chetu cha Bugene kilikuwa na kichaka kimoja tu cha lavenda yenye kunukia, mlangoni kwa Bi Mwanaidi, mjane aliyeuza vitenge. Aliitia kwenye sanduku la nguo kuzuia wadudu, na kwenye kiota cha kuku kufukuza utitiri. Mimi nilichoona ni kuku kutulia juu ya mayai kutwa nzima, habanduki. Nikajua nimepata dawa ya baba, ambaye kila alasiri alipotelea kilabuni kunywa rubisi.

Nilichuma vitawi viwili, nikavificha kwenye mfuko wa koti lake. Baba akalivaa, akaondoka vilevile.

Aliporudi jioni, mama alimpokea koti, akalinusa, akalinusa tena.

“Baba Koku, Bi Mwanaidi hajambo?”

Baba aliapa kwa babu zake wote kwamba hakufika kwake. Mimi nikajificha nyuma ya mlango.

Mwezi mzima baba hakuvuka migomba yetu kwenda kilabuni. Nikaelewa kwamba dawa ile kwa binadamu huchelewa kidogo tu kuliko kwa kuku.