Benchi Linalotazama Ziwa

Jumapili, baada ya ibada.

Admin wetu, pole na kazi. Naomba ufiche jina langu, maana wifi yangu yumo humu na anasoma kila kitu.

Nina miaka thelathini na minne, naishi mwambao wa Ziwa Nyasa, upande wa Mbaha. Mwaka jana mume wangu alikwenda kutoa nyavu asubuhi, upepo wa mwera ukamkuta huko. Mtumbwi ulionekana, yeye hakuonekana. Alikuwa mpole. Tukila samaki wetu mbasa, kichwa aliniachia mimi siku zote, anasema hakipendi.

Tangu hapo nikisikia mawimbi naingia ndani nafunga madirisha. Nilipanda hadi Mbinga kwa mshauri mmoja, kijana msomi. Sijakaa vizuri akasema, "Nieleze siku ile, toka mwanzo." Nikaeleza. Niliporudi nyumbani nilishindwa hata kusonga ugali. Mwingine, wa kanisani, alinikatisha: "Mama, acha kulia, Mungu kampenda zaidi." Sikurudi.

Ndipo nikampata mama mmoja anayekuja zahanati yetu kila Jumatano, kasomea mambo ya watu walioumizwa na matukio. Aliniuliza kwanza, "Mlango nifunge au niuache wazi?" Sikuwahi kuulizwa. Akasema siku ile tutaizungumza nikiwa tayari, na nisipokuwa tayari basi. Akaona nimeng'ang'ania ukingo wa benchi, maana lilitazama dirisha, na dirishani ni ziwa tupu. Aliinuka, tukaligeuza likatazama mlima wenye mihogo. Siku hiyo nililala usingizi.

Sasa wifi. Yeye na marehemu walifuatana kuzaliwa. Msibani aliniambia mbele za watu, "Mke mwenye akili angemzuia na mwera ule." Lakini mama mkwe alipoona binti yake hali wala haogi, akaniomba, "Mwanangu, mpeleke na mwenzako kwa huyo mama yako wa zahanati." Nikampeleka mwenyewe.

Jumatano iliyofuata nimekaa nje nasubiri zamu yangu, nikawasikia wanacheka humo ndani. Mimi na yule mama hatujawahi kucheka. Nilipoingia, benchi limegeuzwa linatazama ziwa! Nikaligeuza peke yangu, nalikwaruza sakafuni. Mama akauliza taratibu, "Kuna kitu kinakusumbua hapa kwangu?" Nikamjibu mgongo unauma.

Wifi alikuwa amenisubiri. Njiani akasema, "Wifi, yule mama ananielewa mie! Nimemwambia nataka kulitazama ziwa mpaka linijibu, tukakaa tukalitazama wote."

"Na mlikuwa mnacheka nini?"

"Si kaka na vichwa vya mbasa! Alikuwa anavigombania mpaka mama anampiga mwiko."

"Alikuwa hapendi kichwa," nikasema.

Akasimama. "Nani? Wifi, wewe uliolewa na nani?"

Akaendelea kutembea, anacheka. Mimi nikainama, nikajifanya narekebisha kandambili.

Ndugu zangu, miaka yote ile alikuwa ananiachia kitu anachokipenda, na sikujua. Mtu pekee ambaye ningetaka kumwambia hilo ni yule mama. Lakini keshalisikia kwa wifi, wamelicheka kabla mimi sijalilia. Naona wivu. Wifi ana mama yake wa kumliwaza, ana utoto wote wa mume wangu. Mimi nilikuwa na lile benchi tu.

Jumatano mbili sijaenda. Usingizi umekata tena, na maji namtuma mwanangu ziwani. Najua yule mama hajanikosea. Alimgeuzia wifi benchi kama alivyonigeuzia mimi. Najua, lakini moyo hausikii. Nikamwambie kwamba namuonea wivu wifi yangu? Ataniona mtu wa namna gani? Au nitafute mwingine Songea, nianze upya kutafuta wa kuniuliza habari ya mlango?

Nishaurini, taratibu tu, msinitukane.

Na mkisali leo, marehemu wangu ana wengi wa kumkumbuka. Naomba mnikumbuke mimi.