Shikamoo ya Kifudifudi

Nilimwahidi mchumba wangu Paskalina kwamba wazazi wake, ambao tulikuwa bado hatujaonana, hawatasikia habari za mgongo wangu kutoka kwa mtu mwingine. Nitawaeleza mimi mwenyewe, nimesimama wima, nimevaa koti, siku wajomba zangu watakapopeleka posa kwao Tumati, huko Mbulu. Naona aibu kusema kwamba ahadi hiyo niliitimiza robo tu: walisikia kutoka kinywani mwangu, lakini sikuwa nimesimama, na koti sikuwa nalo, wala shati.

Mgongo ulianza kuniuma nilipoajiriwa kuwa afisa maendeleo ya jamii hapa Gendabi, na mpaka leo hakuna anayejua sababu. Sikuanguka, sikubeba mzigo. Nimekwenda zahanati, nimekwenda hospitali kubwa, nimepigwa picha, na daktari akaiinua dirishani akaisifu ("Kijana, mgongo huu ni mzuri sana"), huku mimi nimeshikilia meza yake kwa sababu huo mgongo mzuri sana ulikuwa umekataa kunyooka. Nimelalia ubao. Nimepakwa mafuta ya kondoo hadi mbwa wakawa wananisindikiza ofisini. Kila ninayemsalimia ana dawa, na kila mwenye dawa hukasirika nisipopona, kana kwamba namfanyia makusudi.

Ieleweke pia kwamba mimi ndiye ninayesimama kwenye mikutano ya kijiji kuwasihi watu waachane na tiba za kubahatisha, na ninayoyasema nayaamini kwa dhati. Lakini siku moja, kwenye mnada wa mifugo, niliinama kuokota kalamu, nikabaki nimeinama, na jirani yangu Mzee Gidamis, mfugaji aliyekuwa ameleta ndama wake kuuza, akanitazama jinsi anavyotazama ng'ombe asiyeweza kupata mnunuzi.

"Bwana Maendeleo, wewe unataka mguu wa mama aliyezaa mapacha. Akukanyage hapo kiunoni, basi."

"Mzee, hayo mambo mimi..."

"Kalamu yako iko wapi?"

"Chini."

"Iokote."

Sikuweza. Nikasema sawa, na neno hilo dogo ndilo lililoniponza.

Nyuma ya kibanda cha nyama choma ikatandikwa ngozi ya ng'ombe, nikavuliwa shati, nikalazwa kifudifudi, na mke wa Mzee Gidamis akaenda kwa akina mama wa Mbulu wanaouza vitunguu saumu kutafuta mmoja aliyejifungua mapacha. (Paskalina ana wadogo zake mapacha. Nililijua hilo. Nina stashahada, nililijua hilo, na bado halikunijia.) Nikasikia kandambili zinavuliwa, harufu ya saumu ikanifikia, nikatoa shikamoo uso wangu ukiwa kwenye ngozi.

"Marahaba, mwanangu. Pole. Unauma tangu lini?"

Sijui nini kilinifungua, labda ni kwamba ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza hivyo bila kunikatiza kwa jina la mti wa dawa, maana mguu ulipotua, mzito na wenye joto, nikamweleza yote: kwamba siwezi kubeba ndoo, kwamba jembe nalishika kwa ajili ya kupigwa picha tu, kwamba viatu nafungiwa na mhudumu wa ofisi, na kibaya kuliko vyote, kwamba kuna watu waungwana huko Tumati wanaotaka kunipa binti yao, na hawajui kwamba wanapata mkwe asiyeweza kuinua debe la mahindi.

Mguu ukatulia.

"Tumati kwa nani?"

"Kwa Mzee Tluway."

Watu waliokuwa wamenizunguka (walikuwa wameshanizunguka, biashara ilikuwa imepoa) wakasogea karibu zaidi, na Mzee Gidamis akaanza kukohoa kicheko. Juu yangu nikasikia simu inabonyezwa.

"Paskalina? Mama hapa. Nimemwona mchumba wako."

"Eh! Yuko wapi, mama?"

"Nimemkanyaga."

Nilijaribu kuinuka ili nimsalimie mama mkwe kwa heshima anayostahili, mgongo ukagoma katikati, nikabaki kwa mikono na magoti kama mtoto anayejifunza kutambaa, na katika hali hiyo nikatoa shikamoo ya pili. Yeye alikuwa ameshageuza uso kando.

"Mvisheni shati mtoto wa watu," akawaambia.

Nikamwambia, nikizungumza na ardhi, kwamba kama wataona posa isije, nitaelewa, kwa kuwa mtu ana haki ya kujua anampa nani binti yake, na mimi nilikuwa nimewaficha.

"Baba yake Paskalina goti linamuuma tangu nizae hao mapacha," akasema, bado amegeuka. "Nimemrudisha kwao?"

"Hapana, mama."

"Na nimelikanyaga hilo goti. Halikusikia. Haya, mtafutieni pa kukaa."

Wajomba walipofika Tumati, swali la kwanza waliloulizwa halikuhusu ng'ombe. Waliulizwa: "Ameinuka?" Posa ilipokelewa. Mimi nimeapa kwamba habari za mgongo huu nitakuwa nazitoa mapema, kwa kila anayehusika, nikiwa na shati.

Bado unauma, ndugu msomaji, na bado hakuna anayejua kwa nini. Nina ombi moja tu. Ukinikuta, usinitajie dawa. Niulize unauma tangu lini, kisha uniache nimalize.